Kwa Mpwa Wangu Mwenye Ufunguo wa Maktaba

Tanga

Mpwa wangu,

Mkaza mjomba wako analalamikia goti kama kawaida, nami nalalamikia bei ya samaki. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, na ile picha ya ukurasa nimeipanua kwenye simu mpaka kila herufi ikajaa kioo. Nakujibu kwa kalamu, maana vidole vyangu na simu havielewani, na jambo lenyewe si la kujibiwa kwa mkato.

Kama nimekuelewa, mambo yamekwenda hivi. Binti wa kidato cha tatu aliazima Rosa Mistika kwenye maktaba yako. Mama yake akakikuta kitabu kitandani, akakifungua, akapiga picha ukurasa mmoja na kuurusha kwenye kundi la wazazi. Kufika magharibi kundi zima limewaka. Asubuhi yake mkuu wa shule akakuita ofisini. Hakufoka. Alikwambia tu ukiondoe kitabu hicho, kisha upite rafu zote uandike orodha ya "vitabu visivyofaa" na uiwasilishe kabla ya kikao cha wazazi. Wewe bado hujathibitishwa kazini, na unaniuliza utii au ukatae.

Nitafika huko. Kwanza tukitazame kitabu chenyewe, maana nina hakika kwamba kati ya wote waliochangia kwenye lile kundi, waliokisoma mpaka mwisho wanaenea kwenye bajaji moja na nafasi ikabaki.

Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, alikuwa hajatimiza miaka thelathini riwaya hiyo ilipotoka mwaka 1971. Ilikuwa riwaya yake ya kwanza. Mna msichana humo aliyelelewa na baba mlevi na mkali, anayeamini kwamba binti hulindwa kwa kufungiwa. Baba anagundua barua ya mvulana, na jibu lake ni kipigo. Hakuna anayemkalisha Rosa chini akamweleza kuhusu wavulana, wala kuhusu mwili wake, wala afanye nini siku mwanamume mwenye cheo atakapomwita peke yake. Kisha Rosa anakwenda kusoma mbali, mahali ambapo fimbo ya baba haifiki, na huko anayakuta yote hayo kwa mpigo. Baadhi ya wanaomharibia maisha ni watu wazima wenye dhamana. Mwisho wake anajiua.

Kitabu hicho ndicho kilichopigwa marufuku mashuleni baada ya kutoka, kwa hoja kwamba hakifai kwa wanafunzi. Nimefundisha fasihi mpaka nimestaafu na bado sijakutana na kichekesho kichungu kuliko hicho. Mwandishi kaeleza mzazi anayedhani akishaichana barua amemaliza kazi ya kulea, na wakubwa, kwa kukiogopa kitabu, wakaenda kufanya yale yale ya yule baba. Mwanamume wa ofisini hakuguswa, ila kitabu kilichomtaja ndicho kilichofukuzwa shule.

Ukitaka kuishia hapa kusoma, hoja yangu ni hiyo tu: marufuku haimwondolei mtoto jambo lenyewe, humwondolea mtu mzima wa kuzungumza naye kuhusu jambo hilo. Mengine yote ni maelezo.

Nayajua haya kwa sababu nilikuwa mmoja wa watoto waliolindwa hivyo. Bwenini kwetu kulikuwa na nakala moja ya Rosa Mistika, imevalishwa gamba la karatasi ya kaki, na juu yake mtu kaandika "Jiografia" kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Ilisomwa kwa zamu, usiku, chini ya blanketi, kwa tochi, na aliyetaka kurukishwa foleni alilipa kwa sukari. Naikumbuka nakala hiyo ilivyokuwa. Mgongo wake ulikuwa umevunjika mahali pawili, kwa hiyo ukiiweka juu ya kitanda ilijifungua yenyewe palepale. Kingo za kurasa hizo zilikuwa nyeusi kwa vidole. Kurasa za mwisho, pale msichana anapokufa, zilikuwa safi kabisa, na nyingine bado zilikuwa zimeshikana.

Tafakari hapo, mwanangu. Wavulana wa bweni zima tulikuwa "tumesoma" kitabu hicho na hatukujua kwamba ni habari ya msiba. Marufuku ilitufundisha kusoma vibaya, kuwinda mistari na kuacha hadithi. Na hata kama mmoja wetu angeguswa na jambo, angemuuliza nani? Kumuuliza mwalimu ni kukiri kwamba unacho.

Miaka ikapita, kitabu kikarejea mashuleni, safari hii kama cha kufundishia, na mimi nikajikuta nimesimama nacho mbele ya darasa mchana kweupe. Nilikuwa na wasiwasi na zile kurasa zenye kingo nyeusi. Hakuna aliyeziuliza. Msichana wa dawati la nyuma, ambaye muhula mzima hakuwa ameinua mkono, alitaka kujua kwa nini mama yake Rosa alinyamaza. Darasa likagawanyika. Wako waliosema mama aliogopa kupigwa, wako waliosema naye alilelewa hivyo hivyo, na mvulana mmoja akasema kwao pia mama hanyanyui sauti, kisha akajuta kusema. Kengele ikagonga wakiwa bado wanabishana. Kitabu kile kile, umri ule ule. Kilichoongezeka ni mlango kuwa wazi na mtu mzima kuwamo chumbani.

Yule mama aliyepiga picha amefanya kwa simu tulichofanya sisi kwa vidole. Kaukata ukurasa kwenye hadithi yake. Simlaumu sana. Kashtuka, na mtu aliyeshtuka hukimbilia wenzake. Ninaowalaumu ni wale mia na zaidi waliosoma mistari kumi na miwili na kutoa hukumu ya kurasa zote.

Utasema mjomba anakuza mambo, orodha ya mkuu wa shule si jela. Kweli si jela. Ila wewe ni mwalimu wa Kiswahili, na kwenye rafu unayoambiwa uisafishe wamo waliopitia mkono huo huo ukiwa mzito zaidi. Mtazame Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968, akiwa kijana wa Mombasa mwenye miaka 22, aliandika kijikaratasi cha siasa kiitwacho Kenya: Twendapi? Yaani hata jibu hakutoa, kauliza tu. Akafungwa miaka mitatu. Gerezani akatunga mashairi, akayaandika kwenye karatasi za chooni, yakapenyezwa nje, na mwaka 1973 yakatoka kitabu kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kitabu hicho kikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomtia mtunzi ndani. Mambo haya ukiyatunga mwenyewe, mhariri atakwambia umezidisha chumvi.

Hata huo upenyezaji una asili yake pwani hii. Wanafunzi wako wanaisoma habari ya Fumo Liyongo, lakini sijui kama wanaitazama kwa jicho hilo. Liyongo yuko gerezani, anamtuma kijakazi Saada kwa mama yake na maneno yaliyofumbwa kwa ushairi. Mama anaoka mikate mizuri na mmoja wa wishwa. Walinzi wanakagua, wanajichukulia ile mizuri, wanamrushia mfungwa wa wishwa. Tupa ya kukatia pingu ilikuwa ndani ya wishwa. Ukaguzi ulifanyika, tena na watu wenye mamlaka, na hawakuona kitu kwa sababu walichokuwa wakikitazama sicho.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Matigari. Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye serikali ya Kenya ilikuwa imekwisha kumweka kizuizini katika gereza la Kamiti karibu mwaka mzima wa 1978 baada ya mchezo wake wa kuigiza ulioonyeshwa Kamĩrĩĩthũ, alichapisha riwaya hiyo kwa Kigĩkũyũ mwaka 1986 akiwa uhamishoni. Mwenyewe amesimulia yaliyofuata. Watu vijijini walikuwa wakimzungumza Matigari, mtu anayezunguka nchini akiuliza habari za ukweli na haki, na makachero wakapeleka taarifa juu. Amri ikatoka akamatwe. Ilipobainika kwamba mtafutwa ni mhusika wa kwenye kitabu, mwaka 1987 polisi wakaingia madukani wakakamata nakala. Darasa langu lilikuwa likifika hapo linacheka mpaka mwalimu wa zamu anachungulia dirishani.

Na upande huu wa mpaka tusijitie usafi. Kezilahabi huyo huyo aliandika tamthilia, Kaptula la Marx, mwishoni mwa miaka ya 1970, akiwacheka watawala na namna siasa ya Ujamaa ilivyokuwa ikiendeshwa. Ilikuja kuchapishwa miaka ya 1990. Muda wote huo kitabu hakipo, kwa hiyo hata cha kupiga marufuku hakuna.

Hilo la mwisho ndilo linalonitia hofu kwako kuliko amri ya mkuu wa shule. Amri inaonekana na inabishiwa. Sasa fikiria umeitii bila neno. Mwakani unapewa hela kidogo ya vitabu, unasimama kwenye duka Dar es Salaam, unashika riwaya nzuri, na kabla hujaangalia bei unajiuliza ni mzazi gani atapiga picha ukurasa upi. Unairudisha mezani. Unachukua kamusi na kitabu cha methali. Hakuna aliyekuamuru. Hakuna barua, hakuna kikao, hakuna orodha, na mtoto ambaye angekisoma kitabu hicho hatajua kamwe kwamba kilikosekana. Nimewaona walimu wenzangu hodari wakiishia hivyo. Maktaba zao zilikuwa nadhifu, na hakuna aliyeingia.

Sasa nikuonye upande wa pili. Usije ukasimama kikaoni ukahubiri kwamba kila kitabu ni cha kila mtoto. Si kweli, na wazazi watajua si kweli. Kuchagua ni kazi yetu. Mimi nisingempa Rosa Mistika mtoto aliyeingia kidato cha kwanza juzi, kama nisivyompa hesabu za kidato cha sita. Wizara ina nafasi yake katika kusema vitabu gani vifundishwe. Mzazi ana haki zaidi ya wizara, kwa mwanawe. Yule mama akija kukwambia hataki binti yake asome riwaya ile, mwandikie pembeni kwenye daftari la kuazima na umheshimu, hata kama unaona anakosea. Asichokuwa nacho ni haki ya kuwaamulia mabinti wa wenzake. Mstari uko hapo, na nadhani watu wazima wa kawaida, wakishapoa, wanauona.

Utakumbuka Februari 2023 wizara ilipopiga marufuku vitabu 16 vya ziada mashuleni, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid vya Mmarekani Jeff Kinney, kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na mila, desturi na maadili yetu. Wengine walishangilia, na sisemi hawakuwa na la kusema. Kuna vitabu vya watoto ambavyo hata mimi nisingevinunua. Lakini mjukuu wa jirani yangu, ambaye kwao hakuna kitabu cha ziada hata kimoja, alijua majina ya vile vilivyokatazwa kabla hajamaliza kunywa chai, na swali lake kwangu lilikuwa vinapatikana wapi. Hakuna mtu aliyewahi kumtangazia kwenye taarifa ya habari kitabu kizuri cha kusoma.

Na hili la kuogopa vijana halijaisha popote. Aprili 2025 pale Nakuru, Kenya, wasichana wa shule ya Butere walikuja kwenye tamasha la kitaifa la maigizo na mchezo wao, Echoes of War, ambao ilibidi kwanza mahakama iamuru uruhusiwe kuonyeshwa. Polisi wakafyatua mabomu ya machozi. Wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kucheza. Watu wangapi wangekuwa na habari na mchezo wa shule ya sekondari ya Butere kama wangeachwa wacheze, wapigiwe makofi, warudi kwao?

Haya, kuhusu swali lako. Usikatae, na usitii haraka.

Nenda kwa mkuu wa shule kwa adabu, asubuhi kabla hajachoka, umwombe agizo hilo kwa maandishi: kitabu gani, kwa sababu gani, kimelalamikiwa na nani, kwa muda gani. Usimwombe kwa kumtega. Mwambie unahitaji kumbukumbu ya maktaba, na ndivyo ilivyo. Mkuu wako si adui. Ninavyomsikia ni mtu anayeogopa simu kutoka wilayani, na mtu wa namna hiyo hupumua ukimpa utaratibu wa kujikinga nao. Mpe utaratibu. Pendekeza kamati ndogo, walimu wawili na wazazi watatu, na sharti liwe moja tu: hakuna kutoa maoni kabla ya kusoma kitabu chote. Wengi watajitoa wenyewe kwenye sharti hilo, na watakaobaki ni watu wa kuzungumza nao. Wakati wakisoma, kitabu kikae kwenye kabati lako kwa ufunguo wako, kisiende stoo. Vitabu vinavyokwenda stoo "kwa muda" mimi nimevikuta na mchwa.

Hiyo orodha ya visivyofaa, usiiandike. Sema kweli tupu, kwamba huwezi kuandika hivyo kwa vitabu ambavyo hujavisoma vyote, na kwamba ukishavisoma utaandika ya vinavyofaa na kila kimoja kinafaa darasa lipi. Hiyo ni kazi halali ya mkutubi na itakuchukua muhula mzima, muda wa kutosha watu kupoa.

Kikaoni usianze na Katiba. Ibara ya 18 ipo, inatupa haki ya kutafuta na kupokea habari, iweke mfukoni kwa siku mbaya. Mzazi aliyekuja na hofu ukimjibu kwa ibara anaona umemtukana. Mtu atasimama na "samaki mkunje angali mbichi," wengine wataitikia, na wewe tulia. Omba dakika tano usome kwa sauti. Usiusome ukurasa uliopigwa picha, wameshausoma. Soma pale baba anapogundua barua, usome polepole, kisha funga kitabu. Halafu waulize ni nani katika ukumbi ule amekwisha kumwambia binti yake afanye nini mtu mzima akimwita ofisini peke yake na kufunga mlango. Usiulize kwa ukali. Mimi niliwahi kuuliza swali hilo kwenye kikao cha namna hiyo, na mwanamume mmoja aliyekuwa akipiga meza tangu tuanze alikaa chini.

Nimekaribia kumaliza na sijamgusa mtu muhimu kuliko wote, na nawe katika ujumbe wako wote hukumtaja tena. Yule binti yuko wapi? Mama yake hakuweka jina lake kwenye kundi, lakini kila mtu anajua ni binti wa nani. Kaenda shule siku iliyofuata na macho ya wenzake. Hilo ndilo kosa kubwa lililofanyika wiki hii, na halimo kwenye ajenda ya kikao. Mtafute taratibu, si ofisini, mkiwa mnapanga vitabu au mnatembea kwenda mlo wa mchana. Mhakikishie kwamba kusoma si kosa na hataitwa popote kutoa maelezo. Kama mama yake amemkataza kuendelea, usimpe kwa siri, utakuwa unamrudisha bwenini kwetu chini ya blanketi. Lakini muulize alifika wapi, na kama kuna lililomsumbua. Na umsikilize vizuri, kwa sababu wakati mwingine mtoto huchagua kitabu kwa sababu anatafuta maneno ya jambo linalomtokea. Ikiwa ndivyo, acha barua hii, acha kikao, nipigie saa yoyote.

Nitakutumia nakala zangu mbili kwa basi la Jumatano ili kamati isigombanie moja. Ukazichukue stendi wewe mwenyewe, usimtume mwanafunzi. Mwishowe wakiamua kiondolewe, waombe waandike kwenye muhtasari wa kikao majina ya wanakamati waliokisoma hadi mwisho, kisha nitumie nakala.

Mama yako usimwambie bado. Ndugu yangu namjua, atapanda basi aje amkabili mkuu wa shule ana kwa ana, na hapo kuthibitishwa kazini sahau.

Wako,
Mjomba